Sanduku la Wasomaji: Jagi na beseni la kunawia la Kifaransa

Toleo lililopita lilibeba picha moja tu ya jagi na beseni la udongo kutoka Ufaransa, maua ya buluu juu ya weupe, yamekaa kwenye meza ya marumaru. Barua zilizofuata zimejaza ukurasa mzima. Maswali ya mazulia na ya masinia ya shaba yatasubiri mwezi ujao.

Nimenunua vipande vitano vya maua yaleyale kwenye mnada wa mitaani wa Septemba hapa kwetu: jagi, beseni, kisanduku kirefu chenye kifuniko, kibakuli cha mraba nacho kina kifuniko, na bakuli kubwa la duara lenye mkono mmoja. Muuzaji ameapa kuwa ni seti kamili. Je, ni kweli? Na hicho kisanduku ni cha nini? Shemeji yangu ameshaanza kupakulia mchuzi kwenye bakuli la mkono mmoja, linatosha watu sita. — Msomaji, Lille

Tuanze na mchuzi. Mwambie shemeji aweke upawa chini taratibu. Bakuli hilo ni *pot de chambre*, chombo cha haja ya usiku, kilichokuwa kikikaa chini ya kitanda au ndani ya kijikabati cha kando. Hata kikiwa kimeoshwa mara mia, bado kuna sababu ya pili ya kutokilia: glezi, yaani lile tabaka la kioo linaloufunika udongo, kwenye vyombo vya aina hii vya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 mara nyingi lilitengenezwa kwa madini ya risasi. Ndimu, ukwaju, nyanya na mtindi huivuta risasi hiyo ikaingia kwenye chakula, na glezi iliyopasukapasuka huiachia kwa urahisi zaidi. Jagi nalo ni hivyohivyo. Si la juisi, si la maji ya kunywa.

Sasa seti. Wafaransa huiita *garniture de toilette* au *service de toilette*. Kiini chake ni jagi (*broc*, au *pot à eau*) na beseni (*cuvette*). Kisanduku chako kirefu ni cha miswaki. Kigeuze, na kikague kifuniko chake pia: mara nyingi utakuta matundu ya kupitisha hewa, kwa kuwa brashi za zamani zilikuwa za nywele za wanyama na zilioza zikifungiwa na unyevu. Kibakuli cha mraba huenda ni cha sabuni. Kama ndicho, kilipaswa kuwa na kisahani cha ndani chenye matundu, sabuni ikae juu na maji yashuke chini. Kisahani hicho ndicho hupotea au kuvunjika kwanza kuliko kipande kingine chochote. Pitisha kidole ndani ya kuta: ukigusa kingo ndogo au vijipembe vya udongo vya kukishikilia, basi kilikuwepo na kimepotea. Kuta zikiwa laini tupu, huenda ni kibakuli cha sponji.

Seti kubwa zaidi zilikuwa na *seau*, ndoo ya kumwagia majitaka, yenye kifuniko na mara nyingi mkono uliosukwa kwa henzirani. Kwa hiyo neno "kamili" ni la muuzaji. Watu walinunua vipande viwili, vitano au zaidi, kadiri ya mfuko. Vitano vyenye maua yaleyale ni mavuno mazuri, basi.

Msomaji wa pwani atashangaa beseni kuwa pana na lenye kina kirefu vile. Kwetu birika humimina na tasa hupokea; mikono inanawa maji yanayotembea. Kule jagi lilijaza beseni, mtu akainama akanawa uso, shingo na kwapa kwenye maji yaliyotulia, kisha yakamwagwa kwenye ndoo. Ndiyo maana beseni hufika sentimita 35 hadi 42 kwa upana, na jagi hubeba lita 3 hadi 5, kiasi cha kujaza beseni mara moja. Wala si mambo ya kale sana. Sensa ya Ufaransa ya mwaka 1954 ilikuta kwamba takriban nyumba 1 tu kati ya 10 ilikuwa na bafu au shawa. Seti hizi ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20 ikiwa imekolea, kwa hiyo usikubali bei ya "karne ya 18" kwa chombo cha mwaka 1920.

Chini ya beseni langu kuna chapa "Opaque de Sarreguemines" na herufi U & C. Rafiki yangu anasema hiyo ni porcelaini ya Kijerumani kwa sababu Sarreguemines ilikuwa Ujerumani. Mwingine ana seti iliyoandikwa "Terre de fer". Hivi vyote ni kitu kimoja? — Msomaji, Brussels

Rafiki yako amepata nusu. Kiwanda cha Sarreguemines, katika Lorraine, kilianzishwa mwaka 1790. Herufi U & C ni za Utzschneider et Compagnie; Paul Utzschneider alishika uongozi mwaka 1800. Baada ya vita vya 1870 na 1871 eneo hilo lilichukuliwa na Ujerumani hadi vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, na kampuni ikajenga viwanda vingine upande wa Ufaransa, Digoin na Vitry-le-François, ili isikatwe na soko lake kwa ushuru wa forodha. Hivyo chapa inayotaja Digoin pamoja na Sarreguemines haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1870. Chapa ya Sarreguemines peke yake inaweza kuwa ya wakati wowote, kabla au baada ya hapo.

Ila si porcelaini, ile kauri inayopitisha mwanga. Jina hilo ni ujanja wa biashara. *Opaque* maana yake isiyopitisha mwanga, na baadhi ya viwanda vilithubutu kuandika *porcelaine opaque*, kama kusema "kioo kisichoonyesha". *Terre de fer* ni "udongo wa chuma", jina la kusifia ugumu. Karibu vyote ni *faïence fine*: udongo mweupe uliochomwa, ukafunikwa kwa glezi angavu. Weka tochi ndani ya beseni usiku. Porcelaini nyembamba itaonyesha kivuli cha kidole chako upande wa pili. Udongo utabaki giza totoro. Kisha tafuta sehemu isiyo na glezi, kwa kawaida duara la kikalio, uiguse kwa ncha ya ulimi uliolowa. Ikiunasa ulimi kidogo, huo ni udongo unaokunywa maji. Likumbuke hilo la kunywa maji, kwa kuwa karibu kila ugonjwa unaoulizwa hapa chini unatoka hapo.

Ukiona pengo lililomeguka, tazama rangi ya ndani. Nyeupe au ya maziwa ni *faïence fine* ya viwandani. Ya manjano ya mchanga au nyekundu, na juu yake tabaka nene jeupe kama chokaa, ni faïence ya glezi ya bati, desturi ya zamani zaidi ya miji kama Rouen, Nevers, Moustiers na Quimper. Hiyo ya pili humeguka kingo kwa urahisi sana, na mapengo madogo kwenye mdomo hayaishushi thamani kama yanavyoishusha ya kwanza.

Chapa nyingine mtakazokutana nazo mara kwa mara: K et G, Lunéville (Keller na Guérin), Gien, kiwanda kilichoanzishwa na Mwingereza Thomas Hall mwaka 1821, HB, Choisy-le-Roi (Hippolyte Boulenger), Creil et Montereau, viwanda viwili vilivyoungana mwaka 1840. Ukikuta HBCM, hao ni Boulenger, Creil na Montereau pamoja, muungano wa mwaka 1920, kwa hiyo hakuna HBCM ya karne ya 19 hata muuzaji aape. Neno "France" kwenye chapa kwa kawaida huashiria baada ya 1891, maana sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Kinyume chake hakithibitishi kitu: vyombo vya kuuzwa nyumbani havikuhitaji neno hilo. Na namba ndogo zilizokandamizwa kwenye udongo mbichi mara nyingi ni za umbo au za fundi, si mwaka. Tumepokea barua tatu za watu waliosoma "1812" chini ya jagi wakafurahi.

Nitajuaje kama jagi na beseni vilizaliwa pamoja au vimeozeshwa sokoni? — Msomaji, Marseille

Ndoa za sokoni ni nyingi. Beseni huvunjika kidogo kuliko jagi, hivyo mabeseni yatima yamejaa na wauzaji huyatafutia wenza.

Chapa zikifanana, vizuri, lakini usiishie hapo. Peleka vyote viwili nje, kwenye kivuli cha mchana, ulinganishe weupe wa glezi: mmoja ukielekea buluu na mwingine ukielekea malai, havikutoka tanuri moja. Angalia picha. Sehemu kubwa ya maua haya hayakuchorwa kwa mkono. Yalichongwa kwenye bamba la shaba, yakachapwa kwenye karatasi laini, karatasi ikabandikwa kwenye chombo kabla ya glezi. Utaona mahali karatasi zilipokutana, jani limekatika ghafla au ua limepandiana. Hilo si kasoro. Kinachokupa jibu si ukubwa wa ua bali mistari yake: katika seti ya kweli mchongaji aliandaa bamba kwa kila umbo, lakini unene wa mistari ni uleule.

Kisha simamisha jagi ndani ya beseni. Kikalio kinapaswa kutua sawa kwenye sakafu ya beseni bila kuyumba, na kwenye seti iliyotumika utaona duara hafifu la mikwaruzo palepale jagi lilipokuwa likikaa miaka yote. Duara la mkwaruzo likiwa dogo kuliko kikalio cha jagi uliloletewa, mume halisi yuko kwingine.

Jihadhari pia na seti za mapambo zilizotengenezwa baadaye kwa ajili ya kuwekwa sebuleni tu. Mimina maji. Jagi ambalo likijaa haliwezi kujaza hata robo ya beseni lake halikutengenezwa kunawia mtu. Nyufa za kahawia zilizosambaa sawasawa kila mahali, juu na chini, ndani na nje, ni za chai au kahawa ya kuzeesha; uzee wa kweli hukolea mahali maji na mafuta ya ngozi yalipokaa.

Bei? Jagi na beseni la kawaida la miaka ya 1900 hadi 1930, kwenye minada ya vijijini, huuzwa kwa makumi ya euro. Mtu akitaja mamia, akuonyeshe sababu.

Beseni langu lilikuwa na madoa ya kahawia ndani ya glezi. Nimeliloweka kwenye dawa ya klorini usiku mmoja, likatoka jeupe pe. Baada ya wiki tatu limeota unga mweupe na glezi inabanduka vipande kama magamba ya samaki. — Msomaji, Montréal

Jagi la bibi limekaa kwenye kidaka cha ukuta wa mawe na chokaa, Mji Mkongwe. Halijawahi kuoshwa kwa dawa yoyote, ila kitako chake kinatoa unga mweupe kila mara mvua za masika zinapokatika. — Msomaji, Unguja

Barua mbili, ugonjwa mmoja: chumvi.

Udongo huu una vijitundu. Glezi huufunika, lakini kwa miaka udongo hunyonya unyevu na kutanuka kidogo, glezi haiwezi kuufuata, inavutwa hadi inapasuka mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele. Kupitia nyufa hizo maji, mafuta na uchafu huingia ndani. Ndiyo madoa ya kahawia. Dawa ya klorini, ile ambayo kwetu kila mtu huiita jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine, na Wafaransa huiita *eau de Javel*, huua rangi ya doa kweli. Lakini inaacha chumvi ndani ya udongo, na kusuuza bombani hakuifikii. Chombo kikikauka, chumvi inakuwa fuwele, fuwele zinahitaji nafasi, zinasukuma glezi kutoka chini. Unyevu ukirudi zinayeyuka, ukiondoka zinaota tena. Kila mzunguko unabandua magamba mengine. Ukuta wa matumbawe na chokaa karibu na bahari unafanya kazi ileile bila kiwanda: unyevu unapanda na chumvi yake, kitako kisicho na glezi kinakunywa.

Kwa jagi la Unguja: liondoe kidakani, lisugue unga kwa brashi kavu laini, na ukilirudisha liweke juu ya kipande cha kioo au ubao uliopakwa vanishi, lisiguse ukuta wala sakafu ya kidaka. Kisha litoe chumvi. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa yakabaki bila chumvi. Ya betri ya gari yanafaa, yale yaliyoandikwa kuwa ni maji, si asidi. Lizamishe kwenye ndoo ya plastiki, badilisha maji kila siku. Kujua lini umefika, chukua tone la maji ya ndoo, liweke juu ya kioo cheusi au kioo cha simu ya zamani, uliache likauke lenyewe. Likiacha duara jeupe, bado. Likiacha alama hafifu isiyozidi ile ya maji mapya, imetosha. Inaweza kuchukua siku nne, inaweza kuchukua wiki mbili.

Kwa beseni la Montréal: usilizamishe. Glezi inayobanduka itaelea kwenye ndoo ikakuaga. Liweke mahali pakavu penye unyevu usiobadilika, mbali na jiko na bafu, kusanya magamba yaliyodondoka kwenye bahasha, ulipeleke kwa mhifadhi wa vyombo vya udongo ambaye ataishikiza glezi kwanza ndipo atoe chumvi.

Kwa wengine wote wenye madoa na ambao hawajagusa jiki, njia ni haidrojeni peroksaidi, ambayo ikimaliza kazi huvunjika kuwa maji na oksijeni na haiachi chumvi. Ile ya duka la dawa ya asilimia 3 inatosha; ya saluni iliyoandikwa "20 volume" ni asilimia 6, na usivuke hapo. Kabla ya yote hakikisha hakuna dhahabu kwenye kingo, hakuna rangi iliyopakwa juu ya glezi (ipapase, itakuwa na mwinuko), na hakuna ukarabati wa zamani. Gundi za kale huachia kwenye maji, na mkono uliodhani ni mzima utabaki mkononi mwako. Taa ya miale ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, hufichua mengi: kwenye giza gundi na rangi za ukarabati hung'aa tofauti na glezi ya kweli.

Osha kwa maji vuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo. Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa saa 12 hadi 24. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowaponza: udongo mkavu hufyonza dawa haraka na kuusukuma uchafu ndani zaidi, doa likahamia mahali papya. Udongo uliokwisha kushiba maji huiacha dawa ifanye kazi juu. Kisha vaa glavu, lowesha pamba kwa peroksaidi, ibandike juu ya madoa, funika kwa karatasi nyembamba ya plastiki ya jikoni ili isikauke. Baada ya saa 24 badilisha pamba. Mizunguko mitatu hadi mitano ni ya kawaida. Usifungie chombo na dawa ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu gesi inayotoka itakifyatua. Mwisho, suuza kwa kuloweka maji yaliyotoneshwa siku tatu au nne, ukibadilisha kila siku, na ukaushe kivulini juu ya vijiti vya mbao kwa wiki moja hadi mbili. Wakati wa kukauka doa jepesi linaweza kurudi juu, limevutwa na maji yanayotoka. Mara nyingi mzunguko mmoja zaidi unalimaliza. Doa la kutu ya chuma halitoki kwa peroksaidi, uliache lilivyo.

Mkono wa jagi umetoka vipande viwili safi. Niubandike kwa supaglu? Na nikishaubandika naweza kujazia maji? — Msomaji, Muscat

Hapana, na hapana.

Jagi tupu la ukubwa wa kawaida lina kilo 2 hivi. Lita 4 za maji ni kilo 4 nyingine. Kilo 6 zote zikining'inia kwenye viungo viwili vya udongo vyenye upana wa kidole, ndipo mikono ilipovunjika tangu zamani. Hata jagi zima linyanyuliwe kwa mikono miwili, mmoja ukishika, mwingine chini ya kitako. Lililobandikwa halibebi maji tena.

Supaglu hunyonywa na udongo kabla haijashika, huwa ngumu kama kioo, na baada ya miaka michache huachia ghafla bila kuonya. Epoksi hushika kwa nguvu kuliko udongo wenyewe. Ikigongwa, kinachovunjika ni sehemu mpya pembeni, na kuiondoa ni kazi. Wahifadhi hutumia gundi ya akriliki inayoyeyuka kwenye asetoni. Inayojulikana zaidi ni Paraloid B-72. Lakini wewe uko Muscat, na hili vitabu vya Ulaya havilisisitizi: B-72 huanza kulainika kwenye nyuzi 40 hivi. Chumba kilichozimwa kiyoyozi mwezi wa Juni kitafika hapo, na mkono utateleza polepole kwa uzito wake wenyewe. Tafuta Paraloid B-44, ambayo huvumilia hadi karibu nyuzi 60. Ushauri huohuo kwa wa Mombasa na Dar wanaoweka vyombo dirishani.

Safisha kingo kwa asetoni na brashi, ziache zikauke siku nzima. Unganisha kwanza bila gundi, uone vipande vinavyokaa na kipi kinatangulia. Ukikosea mpangilio, kipande cha mwisho hakiingii. Paka kingo zote mbili mchanganyiko mwepesi wa gundi hiyo, asilimia 5 kwenye asetoni, uache ukauke. Huo unaziba vijitundu ili gundi nzito isinyonywe ukabaki na kiungo kikavu. Kisha gundi nzito, upande mmoja tu, mstari mwembamba. Kandamiza, shikilia kwa vipande vya selotepu vilivyokatiza ufa, na ulaze jagi kwenye beseni la mchanga mkavu kwa pembe ambayo uzito wa mkono unashuka moja kwa moja kwenye kiungo. Wengi husimamisha jagi wima, na asubuhi wanakuta mkono umeinama milimita moja. Iliyofurika ifute kesho yake kwa asetoni kwenye pamba. Iache siku tatu.

Beseni lina ufa uliofungwa kwa vipini vya chuma nyuma, kama limeshonwa. Niving'oe? — Msomaji, Lyon

Viache. Ni kazi ya mafundi waliokuwa wakizunguka miji na vijiji vya Ufaransa wakitengeneza faïence na porcelaini: walitoboa matundu yasiyofika upande wa pili kwa keekee ya upinde, wakaingiza vipini vya waya. Vikishika bado, vinashika vizuri kuliko gundi nyingi. Vikiwa na kutu, vifute kwa kitambaa kikavu, na usiloweke beseni hilo kabisa.

Nataka kutoboa beseni nilifanye sinki la bafu la nyumba ya wageni. Fundi wangu ana keekee ya almasi. — Msomaji, Nairobi

Tundu litatoboka, kaka. Keekee ya almasi na maji ya kupozea zinaweza. Shida inaanza baadaye. Pete ya bomba ikikazwa inabana udongo laini, ufa unaanzia tundu ukielekea ukingo. Maji ya moto kutoka kwenye hita yanagonga glezi baridi kila asubuhi. Wenyewe wa zamani walimimina ya baridi kwanza, ndipo ya moto. Kingo za tundu hazina glezi, kwa hiyo chombo kinakunywa maji mchana na usiku, na mwaka hauishi kabla ya kuwa cheusi. Nunua sinki jipya la porcelaini la kuweka juu ya meza, na hilo beseni likae juu ya rafu na jagi lake. Ukitaka maua ndani ya jagi, weka kwanza chupa ya kioo ndani yake, maji yakae humo.

Napeleka seti Mombasa kwa meli, kwenye kontena la pamoja. Nifungeje? — Msomaji, Marseille

Kila kipande peke yake. Kosa la kwanza ni kuweka jagi ndani ya beseni ili kuokoa nafasi. Likitikisika linageuka nyundo. Vifuniko navyo vitoke vyombo vyake. Jaza jagi kwa karatasi iliyofinyangwa, bila kusukuma. Tundu kati ya mkono na tumbo la jagi ulizibe kwa kitambaa laini, kisha zungushia plastiki ya viputo tabaka tatu, mkono ukipata la nne. Usiache magazeti yaguse udongo: wino na unyevu wa bahari vitaingia kwenye kitako. Weka karatasi nyeupe kwanza, ndipo plastiki.

Sanduku dogo ndani ya sanduku kubwa, na sentimita 5 za kijazio pande zote kati yao, chini na juu pia. Beseni lisimame kwa ukingo, kama sahani kwenye kichanja, si kulala, kwa kuwa likilala kila kishindo kinapiga katikati ya sakafu yake. Tikisa sanduku lililofungwa. Ukisikia chochote, lifungue uanze upya. Na chombo chenye madoa kilichooshwa kikauke wiki mbili kabla ya kufungwa, la sivyo kitafika bandari ya Kilindini na ukungu ndani ya plastiki.